Siku Niliyoomba Mkasi

Kwetu Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma kwenye barabara ya Iringa, mtoto wa mkulima wa zabibu huanzia kwenye kuokota. Fundi anapogoa mbele, wewe unamfuata nyuma ukikusanya matawi aliyoyakata. Nimeokota tangu niko shule ya msingi. Katika kuinama na kuinuka kule nikawa namtazama fundi mkono: tawi hili kaliacha kwa nini, lile kaling'oa kwa nini. Hakuna aliyenifundisha. Kazi ya mkasi ilikuwa ya wanaume.

Mwaka 2008, mvua zilipokatika, shamba la Baba Mkubwa lilikuwa linasubiri kupogolewa. Dodoma hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Huku anayeuamsha ni mwenye mkasi. Ukikata, macho, vile vinundu vya kwenye tawi, yanachipua, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo tunayoyategemea, kwa sababu zabibu inaiva kiangazi na magonjwa ya mvua hayaipati sana. Kila wiki ya kuchelewa ilikuwa inaisogeza mbali pesa ya ada. Fundi wetu alikuwa Veyula kwenye shamba la mtu mwingine, na kila siku alituambia kesho.

Asubuhi moja Baba Mkubwa alisimama mwanzo wa mstari, akasema kama anayejisemea, "Sasa nani atashika mkasi?"

"Mimi, Baba Mkubwa."

Kaka yangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa amesimama palepale. Na niseme ukweli wote: jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Alikuwa anaweza kukuonyesha tawi litakalozaa hata kabla majani hayajapukutika. Lakini hakuwahi kukata bila kuuliza. "Baba, hapa? Baba, na hili?" Watu wazima wakachoka, wakaacha kumpa mkasi. Mpaka leo nikimkumbuka pale naumia, maana kipaji kile kilikuwa kikubwa na hakuna aliyekifaidi, hata yeye mwenyewe.

Baba Mkubwa alinitazama. "Mwanangu, tawi likishakatwa halirudishwi."

"Najua. Ule wa nyuma ya jiko naukata mimi."

Hilo hakulijua. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na mzabibu mmoja umejishikiza kwenye ua, nami nilikuwa naupogoa mwenyewe kila msimu, jioni, watu wakiwa kisimani. Ulikuwa unazaa. Mama alikuwa anawapelekea majirani zabibu zake. Kwa hiyo nilipojibu "mimi" sikuwa najipiga kifua. Nilikuwa nimeshaona kazi ya mkono wangu ikiwa mezani, kwenye sahani.

Akanipa mkasi na mstari mmoja.

Asiyejua kupogoa hawezi kuelewa ugumu wake. Unasimama mbele ya mmea uliojaa matawi marefu ya msimu mzima, kisha unaondoa karibu yote, unabakiza vipande vifupi vyenye macho 2 tu. Moyo unakwambia acha kidogo zaidi, kwa tahadhari. Na tahadhari hiyo ndiyo inayoharibu shamba. Ukiacha macho mengi, machipukizi yanasongamana, hewa haipiti, ubwiri, ugonjwa wa ukungu, unaingia, na vishada vinatoka vingi lakini vidogo. Mwenye mkono wa woga hudhani anauhurumia mzabibu, kumbe anaunyima.

Mzabibu wa kwanza nilikaa nao muda mrefu. Nikachagua. Nikakata, tawi la kwanza likaanguka, na kwenye jeraha yakaanza kutoka maji meupe kama machozi. Nikaenda la pili. Kufika katikati ya mstari nilikuwa nimeacha kusikia watu. Baba Mkubwa alikuwa anakuja nyuma yangu, mikono mgongoni, akiinama kwenye kila shina. Hakusema neno, wala hakugusa kitu. Mstari ulipoisha akasema, "Endelea na ule."

Fundi alifika mchana, baiskeli yake imejaa vumbi. Akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaenda moja kwa moja kwenye mistari iliyopogolewa. Akashika shina moja, akahesabu macho kwa kidole.

"Nani kakata hapa?"

Baba Mkubwa akaninyooshea kidevu. Fundi akanitazama kwa muda, kisha akatoa mkasi wake mfukoni na kuanza mstari uliopakana na wangu. Tulifanya kazi hivyo mpaka jua linazama, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mara moja aliniita kunionyesha shina kuukuu linavyofanywa upya kwa tawi lililotokea chini. Nilishukuru, maana hilo sikulijua.

Jioni Baba Mkubwa alitoa pesa ya fundi, kwa hesabu ya mistari. Kisha akanitolea mimi noti moja, ile ya kumpa mtoto aliyetumwa dukani. Sikuipokea.

"Baba Mkubwa, shikamoo yangu unaijua na heshima yangu unaijua. Lakini naomba unihesabie mistari."

Kaka yangu alitazama chini. Fundi akasema, "Mhesabie, mzee. Na wiki ijayo namwomba aje Veyula."

Baba Mkubwa akahesabu.