Nilivyopitisha mtaala wa shahada ya kahawa Seneti baada ya kukwama mara mbili

Mtu wa kwanza niliyemwomba ushauri alikuwa mwalimu wa chuo kingine, mzoefu wa kuanzisha programu. Tulikaa kwenye mgahawa karibu na mzunguko wa YMCA hapa Moshi, akanywa chai yake taratibu, akaniambia: "Dada, usijisumbue. Chukua mtaala wa chuo cha nje, badilisha majina ya masomo, weka nembo yenu. Kurasa mia na themanini hakuna anayezisoma. Na kikao cha wadau ni chai na sahihi tu." Nilimwamini kwa sababu alikuwa amenitangulia. Maneno yake yalinipotezea mwaka na zaidi, na mpaka leo nikiyakumbuka nakasirika.

Nilichotaka kilikuwa wazi kichwani mwangu: shahada ya kwanza ya ubora na biashara ya kahawa. Sioni mji wenye haki zaidi ya kuwa na shahada hiyo kuliko Moshi. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu chao cha ushirika. Bodi ya Kahawa iko hapa, mnada wa kahawa unafanyika hapa, watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wako Lyamungo, na buni inakobolewa hapahapa mjini. Lakini kijana wa Uru au Old Moshi anamaliza chuo akijua kanuni za uhasibu bila kujua kwa nini gunia la nyumbani kwao limepangwa daraja la chini. Hilo lilikuwa linaniuma, maana mimi mwenyewe nimesomeshwa na kahawa.

Basi nikachukua mtaala wa nje kama nilivyoelekezwa, nikaugeuza Kiswahili kichwani na kuupanga upya kwa mtindo wetu. Ulipendeza. Ukapita idarani kama waraka wa awali, tukaitisha kikao cha wadau. Chai, nauli za watu, posho na ukumbi vilikula kama milioni mbili na kitu. Walikuja watu wa vyama vya msingi, wanunuzi, waonjaji wawili wa kahawa, maofisa ugani na wakulima.

Nikaanza kuwasilisha. Nilipofika somo la mwaka wa pili lililohusu uvunaji, mama mmoja kutoka Kibosho akanyoosha mkono. Alikuwa na nakala yake mapajani na kalamu mkononi, na ilionekana ameisoma ukurasa kwa ukurasa. Akasema: "Mwalimu, samahani. Hapa mmeandika mtoto atafundishwa kuendesha na kutunza mashine ya kuvuna kahawa. Mimi nataka kuuliza, hiyo mashine itapita wapi kwenye kihamba changu, shamba langu la nyumbani? Itaruka migomba?"

Ukumbi ulinyamaza. Mtaala ule ulikuwa umeandikwa kwa mashamba ya tambarare kama yale makubwa ya Brazil, ambako mashine inapita juu ya mistari ya mibuni. Kihamba cha Mchagga kiko kwenye mteremko, kahawa imekaa chini ya migomba, juu yake kuna miti ya kivuli, pembeni unapita mfongo, mfereji wa maji, na buni huchumwa kwa mkono, nyekundu moja moja. Mama akaendelea kufunua. Ukurasa fulani ulizungumzia magonjwa, lakini chulebuni halikutajwa hata mara moja. Chulebuni, ugonjwa uliowafanya watu wa mlima huu wang'oe mibuni! Mwonjaji mmoja naye akaongeza kwamba somo la kuonja limepewa saa chache kuliko somo la historia ya biashara ya nje, na ulimi haufunzwi kwa mihadhara.

Sikujitetea. Nilifunga kompyuta, nikachukua daftari, nikawaomba kila mmoja aniambie jambo moja ambalo mhitimu wetu akija kazini kwake Jumatatu asubuhi lazima aweze kulifanya bila kuelekezwa. Siku hiyo ndipo mtaala ulipoanza kuandikwa. Mnunuzi akasema apime unyevu wa buni na ajue kuikataa ikiwa nje ya asilimia 10 hadi 12. Katibu wa chama cha msingi akasema amsomee mkulima hati ya malipo mpaka mkulima aridhike. Mwonjaji akasema aonje vikombe vitano na atambue kile chenye kasoro. Mama wa Kibosho akasema, "Anifundishe kukata matawi bila kunidharau." Nimeliandika hilo kwenye mtaala kwa lugha ya kitaaluma, lipo kwenye somo la ugani, na nilipoliandika nilimkumbuka yeye.

Nikapoteza miezi saba kuandika upya. Bodi ya idara ikapitisha, bodi ya kitivo ikapitisha, kamati ya shahada za kwanza ikarekebisha vitu vidogo. Sikuona ajabu. Kila hatua nilihakikisha muhtasari una namba ya uamuzi, maana waraka usio na namba ya uamuzi wa kikao cha chini hauwezi kupanda kikao cha juu, hata kama kila mtu anakumbuka kuwa ulipita. Na mwenye kujua mambo haya yote kwa undani ni katibu wa vikao. Wa kwetu ni mama mtulivu ambaye alinifundisha mengi kuliko maprofesa: lini nyaraka zinafungwa, nani husoma, nani huuliza. Ningemfuata yeye kabla ya yule bwana wa chai.

Nikafika Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni, nikiwa na uhakika wangu wote.

Ajenda yetu ilikuwa ya tisa. Nilipomaliza kuwasilisha, mkuu wa idara moja akasimama. "Mwenyekiti, ukurasa wa 64 unasema somo la takwimu litafundishwa na idara yangu, muhula wa tatu na wa nne. Nina walimu wawili, mmoja yuko masomoni. Naomba kujua nani aliniuliza." Hakuna aliyemuuliza. Niliona somo lipo chuoni, nikaliazima, nikadhani kuazima somo ni kuandika namba yake. Kabla sijajibu, profesa mmoja mzee, mtu asiyependa maneno mengi, akaomba nafasi. Alikuwa amepiga hesabu pembeni ya karatasi.

"Dokta," akaniambia, "muhula wa nne una krediti 78. Krediti moja ni saa kumi za mwanafunzi. Hizo ni saa 780. Gawanya kwa wiki 15 za masomo. Unapata saa 52 kwa wiki. Huyu mtoto atafua nguo lini?"

Alikuwa sahihi kabisa. Mwaka wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Kwa mihula miwili ya wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki, na ndani ya hizo 40 kuna darasa, semina, maabara, kazi za nyumbani na kujisomea. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Namba hizo nilizijua kwa moyo. Nilichofanya ni kuongeza kila jambo waliloniomba wadau bila kuondoa kitu, kwa sababu kila jambo nililipenda. Seneti ikaurudisha mtaala kwa kitivo, na kikao kijacho kilikuwa miezi mitatu mbele. Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haupokei programu ambayo haijaidhinishwa, kwa hiyo miezi mitatu ile ilimaanisha mwaka mzima bila wanafunzi.

Nilirudi nyumbani Rau kwa miguu siku ile. Niliumia, lakini sikuona mtu wa kumlaumu ukumbini. Wale wawili walikuwa wamefanya kazi ambayo Seneti iliwekwa iifanye: kumlinda mwanafunzi ambaye bado hajaja.

Sasa nieleze jambo ambalo najivunia kuliko yote. Wenzangu waliniambia nipunguze namba tu, kila somo nilitoe krediti mbili mbili, mambo yaishe. Nilikataa. Kupunguza namba hakupunguzi kazi, kunaificha. Nilinunua madaftari madogo matano dukani Double Road, shilingi mia tano tano nadhani, nikawapa wanafunzi watano wa mwaka wa tatu wa shahada zinazokaribiana na yangu. Nikawaomba kwa wiki mbili waandike kila nusu saa wanayoitumia kwa masomo: darasani, maktaba, usiku chumbani, kazi za kikundi, hata kusubiri mwalimu aliyechelewa. Kila jioni walinitumia picha ya ukurasa wa siku hiyo.

Madaftari yale yalinifungua macho. Somo ambalo kwenye karatasi lilikuwa jepesi, lenye krediti sita, lilikuwa linakula saa za somo la krediti kumi kwa sababu ya ripoti ya kila wiki. Somo jingine zito kwa jina halikuwachukua muda wowote nje ya darasa. Maabara ya saa tatu ilikuwa saa tano, ukihesabu kuosha vyombo na kuandika matokeo. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandika kwamba saa zake za kujisomea zote zilikuwa kati ya saa nne usiku na saa saba, na pembeni akaongeza "nimesinzia".

Nikakaa na kurasa zile na rasimu yangu. Kuonja kwa vitendo na kazi ya kwenye kitalu, krediti 12, nikavitoa ndani ya muhula nikavipeleka kwenye fildi ya likizo ndefu, ambako kwanza ndiko mahali pake: hizo ni saa 120, wiki tatu kamili za kazi, na mlimani msimu wa mavuno huanza katikati ya mwaka. Somo moja la krediti sita nililiua, kwa kuwa nusu yake ilirudiwa kwenye masoko na nusu kwenye ugani. 78 ikawa 60. Hakuna kitu hata kimoja alichokiomba mdau kilichopotea.

Halafu nikazunguka. Kila idara ambayo somo lake nililiazima nilikwenda kwa mkuu wake ofisini na shikamoo zangu, na ratiba mkononi. Kwa yule wa takwimu nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakutaka kuzungumza. Mara ya pili alinionesha mzigo wa walimu wake, nikaona kweli hawezi. Mara ya tatu nilikwenda na pendekezo: wanafunzi wetu waungane na darasa ambalo tayari lipo muhula wa tatu, na mwalimu wetu mmoja asimamie semina zote. Akasaini barua palepale na kunikaribisha maziwa mgando. Barua sita kwa jumla, zote nikaziweka kiambatisho cha kwanza, kabla hata ya maelezo ya programu. Kiambatisho cha pili kilikuwa ukurasa mmoja tu: saa za wanafunzi watano kutoka kwenye madaftari, na pembeni saa za mtaala mpya.

Kuchapa na kujalidi nakala za wajumbe ilikuwa laki tatu na ushee, sikumbuki vizuri, nyingine nilitoa mfukoni.

Kikao cha pili, mjadala wetu haukufika dakika kumi. Profesa mzee alifungua moja kwa moja kiambatisho cha pili, akasoma, akamuuliza mkuu wa takwimu kama ameridhika. Akaitikia. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja nyingine, hakuna, ukapita. Nilishika meza.

Kulikuwa na Baraza la Chuo pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Seneti ina mamlaka ya taaluma, lakini chumba cha kuonjea na kifaa cha kukaangia ni fedha, na fedha ni za Baraza. Niliandaa waraka mfupi wa gharama kupitia kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nao ukapita.

TCU wakatuma maoni yao baada ya kupitia mtaala kwenye mfumo wao. Mengi yalikuwa ya haki. Matokeo ya ujifunzaji niliyaandika kwa vitenzi vya "kuelewa" na "kufahamu", ambavyo huwezi kuvipima kwenye mtihani, na shahada ya kwanza iko ngazi ya 8 ya mfumo wa sifa, inadai zaidi ya kuelewa. Nikarudi kwenye daftari la siku ile ya wadau. Wao hawakusema "aelewe unyevu", walisema apime na akatae. Kupima, kukataa, kutambua, kumsomea mkulima: vitenzi vyote vilikuwa mle tangu mwanzo. Nikajibu kwa jedwali la safu tatu, maoni, tulichofanya, na ukurasa. Usijibu maoni kwa insha, msomaji wako ana mitaala mingine mingi mezani.

Idhini ilikuja asubuhi moja ya baridi, mlima umefunikwa. Nilimpigia katibu wa vikao kwanza, kisha mama wa Kibosho. Yeye aliuliza swali moja tu: ile mashine imetoka? Nikamwambia imetoka, mama.

Madaftari tunayatumia bado. Kila muhula wanafunzi watano wa programu yetu wanaandika saa zao kwa wiki mbili. Muhula wa nne, ule uliotuangusha, umetoa wastani wa saa 43 kwa wiki. Ni tatu zaidi ya zinazoruhusiwa, na zinatoka kwenye somo langu mwenyewe. Waraka wa kulipunguza nimeshauwasilisha idarani.