Mrija wa tatu

Mtoto wa jirani kaja jana kapakwa dawa ya GV mdomoni, ulimi wote zambarau, anajichekea. Binti yangu akauliza: hivi hiyo inaua vijidudu au inavipaka rangi tu? Nikamjibu vyote viwili, nikaenda kutafuta chai. Akili ilishafika Mbeya.

Maabara rangi hiyohiyo tuliiita kristali vayoleti. Ilikuwa Julai, maji ya bomba yanauma vidole, na mimi niko fildi. Bakteria wetu walitoka kwenye mipira ya mkojo ya wagonjwa. Tulitaka kujua nani kati yao anajenga bayofilmu, ule utando wanaojifichia hata dawa zikashindwa kuwafikia. Tukawalaza usiku kucha, nyuzi 37, kwenye mirija ya maabara yenye brothi, mchuzi wa kuwakuzia. Asubuhi tukamwaga, tukasuuza, tukatia rangi ya asilimia 0.1, tukasuuza tena, tukaipindua mirija ikauke. Penye utando, rangi hubaki imeng'ang'ania ukuta wa mrija. Mashine ya kusoma rangi hatukuwa nayo. Macho tu.

Mzee wa maabara akawa anainua mrija mmoja mmoja kuelekea dirishani, mlima Loleza ukiwa umefunikwa na ukungu. Wa kwanza mweupe. Wa pili zambarau ukutani hadi chini, hauna ubishi. Wa tatu ndio uliotugombanisha. Pale brothi ilipoishia palikuwa na duara lililokolea, kama alama ya chai kwenye kikombe. Chini ya duara, rangi hafifu. Ipo, haipo.

“Andika hasi. Duara la juu halihesabiwi.”

“Lakini mzee, ukutani si pana rangi?”

Akaugeuza. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaugeuza tena.

“Wewe unaona, mwanangu. Mimi sioni. Daktari amwamini nani?”

Akamwita mama wa usafi aliyekuwa akipita na ndoo, akamwonyesha bila maelezo. Mama akautazama kidogo tu.

“Huu hamjauosha.”

Tukaandika “dhaifu”, tukaendelea.

Baadaye, kwingine, nilikuja kutumia sahani ya visima 96, vishimo vidogo badala ya mirija: rangi unaiyeyusha kwa asidi ya asetiki ya asilimia 30, mashine inakupa namba yenye desimali tatu. Hakuna wa kubishana naye. Ila rangi yenyewe hunasa bakteria hai, waliokufa na ute unaowashika, na namba haisemi kipi ni kipi.

Mimi bado nasema mrija ule ulikuwa na kitu. Mzee alistaafu akisema haukuwa nacho.