Siku moja maishani mwangu: napima hewa penye asbesto

Saa 11 alfajiri

Pampu zimelala kwenye chaji usiku kucha. Naziwasha, naziacha zingurume kidogo hadi zitulie, kisha naunganisha moja moja na kipima mtiririko. Ninataka lita 2 kwa dakika. Pampu ikivuta lita 1.6 huku fomu yangu ikisema 2, hesabu yote itakayofuata itakuwa ya uongo, na uongo wenyewe utamwonyesha mtu kuwa amevuta nyuzi chache za asbesto, yale madini ya nyuzi nyembamba sana yanayoleta saratani yakivutwa, kuliko alizovuta kweli. Kwa hiyo hapa sina haraka hata kidogo.

Halafu vichujio. Ni duara ndogo za selulosi, upana milimita 25, zimekaa ndani ya vikombe vyeusi vyenye shingo ndefu. Weusi huo si urembo: vikombe hivyo vinapitisha umeme, ili nyuzi zisinate pembeni badala ya kufika kwenye kichujio. Viwili naviweka kando. Nitavifungua na kuvifunga huko kazini bila kuvuta hewa yoyote, navyo ndivyo vitakavyoniambia kama uchafu umetoka kwenye mfuko wangu au umetoka kwenye hewa.

Saa 1 asubuhi

Jengo la wiki hii ni kuukuu. Chini kuna chumba cha boila ambamo mabomba yamefungwa gamba la kuhami joto lenye asbesto, na mafundi wenye kibali wanalibandua. Wamejenga chumba cha nailoni kuzunguka mabomba hayo, na mashine inanyonya hewa ya ndani na kuisafisha kabla haijatoka, ili shinikizo la ndani libaki chini kuliko la nje, angalau kwa paskali 5 (paskali ni kipimo cha shinikizo). Nailoni ikitoboka, hewa huingia ndani badala ya vumbi kutoka nje.

Nakagua barakoa kabla hawajaingia. Leo kijana mmoja amekuja na ndevu za siku mbili, na msimamizi amemrudisha akanyoe bila mabishano. Nimefurahi, maana barakoa bora kuliko zote haizibi usoni penye ndevu. Hewa hutafuta njia iliyo rahisi, na ikiipata inapita na nyuzi zake.

Orodha ya asbesto ya jengo ninayo mkononi. Chumba cha boila kimeandikwa vizuri, na picha zipo. Kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, juu ya dari, pameandikwa neno moja: "hapakufikiwa". Maana yake ni kwamba mkaguzi hakuweza kupanda kuangalia. Katika kazi yetu, mahali ambapo hapakufikiwa panahesabiwa kuwa na asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Naweka alama ya kalamu nyekundu hapo.

Saa 2 asubuhi

Pampu kiunoni, mpira umepita mgongoni, kikombe kimebanwa kwenye ukosi kikitazama chini. Kikombe kisiwe mbali zaidi ya sentimita 30 kutoka puani na mdomoni, kwa sababu ninachotafuta ni hewa ile ile inayoingia kwenye pumzi ya mtu huyu. Kipimo kilichowekwa kwenye meza pembeni ya chumba kinaeleza habari za meza.

Wawili wa chumba cha boila nimewafunga pampu zao. Pampu ya tatu napeleka ghorofani kwa fundi umeme anayepitisha nyaya koridoni. Ananitazama kwa mshangao.

"Dada, mimi sigusi asbesto. Wenyewe wako chini kule."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, kaka. Wale wa chini wana barakoa."

Akacheka, akaivaa. Kila ninapofanya kazi namtafuta mtu wa namna hii, yule ambaye hayumo kwenye mpango. Mwaka 1960, daktari mtafiti J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, kutoka Northern Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kushika kazi ya mgodini. Walikuwa wameishi tu jirani na machimbo ya asbesto ya bluu. Tangu nilipojifunza habari hizo sijaweza kuamini mpango wowote unaosema hatari iko chumba hiki tu.

Saa 3 hadi saa 6

Natembea na fomu. Kila nusu saa naangalia mtiririko wa pampu, na kila mara naandika mtu yuko wapi na anafanya nini. Wengine huona maandishi haya ni ya kujaza karatasi. Mimi nayathamini kuliko namba yenyewe, kwa sababu namba bila habari ya kazi haisemi chanzo.

Chini kazi inaenda vizuri. Gamba limechomwa sindano za maji yenye sabuni tangu jana, limelowa hadi ndani, linakatwa kwa kisu vipande vipande na kuingia kwenye mfuko papo hapo. Hakuna msumeno wa umeme, hakuna ufagio. Kinachodondoka kinavutwa na mashine yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata vumbi laini sana. Asbesto iliyolowa na kutulia haina njia ya kufika kwenye pafu. Ikikauka na kusagwa, huelea hewani saa nyingi baada ya kazi kuisha, tena bila kuonekana wala kunusika. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Moshi humkohoza mtu akakimbia, lakini asbesto haimwambii chochote. Mesotelioma hujitokeza mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 40 au zaidi, wakati mtu amekwisha kusahau jengo lenyewe.

Saa 4 na robo napanda ghorofani. Fundi umeme yuko juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya dari, drili inalia. Naandika: "Anatoboa ubao juu ya dari, matundu kadhaa, pakavu, hana barakoa." Namwita ashuke, namwomba asiendelee na upande huo mpaka nipate majibu. Anahamia kwenye sanduku la swichi mwisho wa korido.

Saa 6 nakusanya pampu zote. Kila moja imevuta dakika 240, yaani lita 480. Napima mtiririko tena kuhakikisha haujayumba, navifunga vikombe, natia sahihi.

Saa 8 mchana

Maabara yetu ya leo ni chumba kidogo chenye meza moja isiyotikisika. Nakata kipande cha kichujio, nakiweka juu ya kioo, napitisha mvuke wa asetoni. Weupe wote unayeyuka na kichujio kinakuwa wazi kabisa. Tone la triasetini, kioo chembamba juu yake, kisha hadubini ya fazi, ile inayofanya nyuzi zisizo na rangi zionekane.

Kabla ya kuhesabu chochote naangalia kioo cha majaribio ili nijue macho yangu na hadubini viko sawa. Baada ya hapo nahesabu vile vichujio viwili visivyovuta hewa. Ni visafi.

Ndani ya hadubini kuna duara lenye upana wa mikromita 100; mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Uzi ninaouhesabu ni ule wenye urefu unaozidi mikromita 5, unene chini ya 3, na urefu uwe angalau mara tatu ya unene. Unywele wa kichwani ukiulaza hapo, ungeziba sehemu kubwa ya duara. Uzi wa asbesto ni mstari tu, wakati mwingine mwembamba kiasi kwamba naupata kwa kuzungusha lenzi taratibu mpaka uchomoze. Na ulio mwembamba zaidi ya kama mikromita 0.25 hadubini hii haiuoni kabisa, kwa hiyo ninachohesabu daima ni sehemu ya kilichopo. Nasogea duara moja hadi nyingine mpaka nifikishe nyuzi 100 au duara 100.

Fundi wa kwanza wa chumba cha boila: nyuzi 82 katika duara 100. Kwa lita 480 hiyo ni karibu nyuzi 0.08 kwa mililita. Lakini amevaa barakoa ya uso mzima yenye feni, ambayo ikivaliwa sawasawa inakadiriwa kupunguza mara 40. Pumzi yake inabaki na kama 0.002. Mwenzake amekaribiana naye.

Fundi umeme: nyuzi 34. Karibu 0.035 kwa mililita, na hakuwa na barakoa.

Nimekaa nikaitazama namba hiyo. Mtu ambaye "hagusi asbesto" amevuta zaidi ya mara 15 ya anayeibandua kwa mikono. Nampa mwenzangu kioo kile bila kumwambia nilichopata. Anahesabu 31. Kwa kazi inayofanywa kwa macho, tofauti hiyo ni ya kawaida. Jibu limesimama.

Saa 9 na nusu alasiri

Msimamizi wa jengo ni mtu mwema, ila ana ratiba inayombana. "Lakini dada, si iko chini ya 0.1?"

Ni kweli. Uingereza kikomo cha kisheria ni nyuzi 0.1 kwa mililita ya hewa kwa wastani wa saa 4, Marekani 0.1 kwa wastani wa saa 8. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2023, umekishusha hadi 0.01 kwa wastani wa saa 8, na fundi wetu amekipita hata namba yake ikigawanywa kwa saa 8. Namweleza pia jambo ambalo wastani hulificha. Fomu yangu inaonyesha fundi alitoboa kwa muda mfupi tu. Kama nyuzi zote zile ziliingia ndani ya dakika 10 za drili, basi katika dakika hizo hewa yake ilikuwa na kama 0.8 kwa mililita. Uingereza inataka isizidi 0.6 katika dakika 10.

Na juu ya yote, kikomo ni mstari wa sheria. Shirika la Afya Duniani halijataja kiwango chochote cha asbesto kisicho na hatari ya saratani. Mtu akiwa chini ya mstari na bado unaweza kumpunguzia, mpunguzie.

Hakubishana zaidi. Korido imefungwa, feni za hewa upande ule zimezimwa, utepe na bango vimewekwa pande zote mbili.

Saa 10 jioni

Hadubini ya fazi haiwezi kunihakikishia kuwa uzi ni wa asbesto. Unaweza kuwa wa jasi au wa sufu ya kuhami joto. Kwa hiyo navaa ovaroli ya kutupa na barakoa, nalowesha pembeni ya tundu moja, nachukua kipande kidogo cha ubao, naziba jeraha kwa utepe. Chini ya hadubini ya pili, ile inayoelekeza mwanga upande mmoja, nyuzi zimenyooka na rangi zake kwenye mafuta ya kupimia ni za amosaiti. Ni asbesto ya kahawia, ndani ya ubao wa mahali pale pale palipoandikwa "hapakufikiwa".

Mafundi wa chumba cha boila wanakuja na mashine yao ya kuvuta vumbi na vitambaa vyenye maji. Korido itabaki imefungwa hadi isafishwe na kupimwa tena.

Saa 11 jioni

Fundi umeme nimemwita pembeni. Nguo zake za kazi zimevutwa vumbi, zimefungwa kwenye mifuko miwili kama taka ya asbesto, naye ameoga. Nguo hizo hazirudi nyumbani. Wapo wake na watoto waliougua kwa kukung'uta na kufua ovaroli za wafanyakazi wa asbesto.

Nimempa namba yake kwenye karatasi na kumsomea. Ameuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Sasa nitaumwa?"

Sikumdanganya kwa upande wowote. Nimemwambia hatari hukua kwa wingi na kwa muda, na asubuhi moja ya namna hii haifanani na miaka ya wale waliofanya kazi viwandani bila kinga. Nimemwambia eksirei leo haitaonyesha kitu na hakuna dawa ya kuziondoa nyuzi. La kufanya ni zisiongezeke. Nilipouliza kama anavuta sigara alikubali, nami nikamwambia kwa msisitizo wote nilio nao aache, kwa sababu kwa saratani ya mapafu sigara na asbesto huzidishana.

Kisha karatasi ile ataitunza, na nakala itabaki kazini. Mkataba namba 162 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1986, unampa mfanyakazi haki ya kuona kumbukumbu za vipimo na ya kuomba hewa ipimwe. Marekani kumbukumbu hizo hutunzwa angalau miaka 30, Uingereza kumbukumbu za afya miaka 40. Ugonjwa ukija wakati kampuni haipo tena, hiyo karatasi ndiyo itakayosema mtu huyu alikuwa wapi.

"Nilianza kutoboa juzi," akaongeza akiwa anaondoka. "Leo ni siku ya tatu."

Saa 1 usiku

Sijaondoka. Kama alitoboa juzi na jana, vumbi lilidondoka sakafuni, na kuna mtu alilifagia. Mama anayesafisha jengo ameingia zamu muda si mrefu. Shikamoo, marahaba, tukakaa.

"Mama, korido ya juu umeifagia lini?"

"Jana na juzi. Kulikuwa na unga mweupe pale chini ya ngazi. Nimefagia, nikaukung'uta ufagio dirishani."

Nimemweleza yote kama nilivyomweleza fundi, bila kupunguza. Ufagio, deki na ovaroli yake vimeingia kwenye mifuko ya taka. Jina lake nimeliandika kwenye daftari la waliokutana na asbesto, pamoja na tarehe zote mbili na maelezo kwamba hakupimwa, ili asije akasahauliwa kwa kuwa hana namba. Msimamizi nimempigia, amekubali kwamba hakuna kufagia pakavu popote katika jengo hili kuanzia usiku huu.

Kesho, kabla ya kushuka chumba cha boila, naanza na stoo anamoweka vifaa vyake.