Mlinzi wangu wa getini ndo anaendesha ghala siku hizi

Daftari lenyewe lilikuwa kauntabuku ya kawaida tu, kava limeshamwagikiwa chai, linakaa chini ya kiti pale getini. Mi nilikuwa naliona kila siku na sikuwahi kuuliza ni la nini, nilijua labda mlinzi anaandika madeni yake ya mama ntilie.

Ngoja nianze vizuri. Nina ghala la mazao hapa Tabora mjini, upande wa Ipuli, aliniachia marehemu baba. Tunapokea karanga, mahindi na mpunga kutoka Nzega, Uyui na Sikonge huko, tunapanga, tunapiga dawa, tunasubiri bei, alafu tunapakia malori ya Mwanza na Dar. Getini nilikuwa na koplo mstaafu wa JWTZ, wote tunamwita Afande. Nilimchukua kwa akili ile ile mliyonayo nyie wote, mwanajeshi akistaafu ni mlinzi, mpe koti na tochi umemaliza. Mshahara niliokuwa nampa siutaji hapa, naona aibu.

Sasa msimu mmoja wa karanga zikapotea gunia 38. Kwenye karatasi za stoo zimeingia, ukienda kwenye mafungu hazipo. Mtunza stoo anasema dereva, dereva anasema makuli, makuli wanasema tuulize mzani wako bosi. Nimekaa ofisini kichwa kinagonga nawaza polisi, Afande akabisha hodi akasimama mlangoni, "Madam, ukiniruhusu, nina kitu." Akafungua lile daftari. Kila gari limo, namba yake, saa ya kuingia, saa ya kutoka, gunia ngapi kwa kuhesabu mwenyewe kwa macho yake, na nani alikuwa zamu. Lori moja la usiku yeye kaandika gunia 112, karatasi ya stoo inasema 150. Yani zile karanga hazikupotea, hazikuwahi kufika. Mtunza stoo alisaini bila kuhesabu, na hakusaini bure, tuishie hapo.

Nikamuuliza Afande nani alikwambia uwe unaandika? Akanishangaa kweli. "Sasa madam, unakabidhije lindo bila maandishi?"

Jioni ile nilikaa naye kwenye benchi mpaka giza likaingia nikamuuliza jeshini alikuwa anafanya nini hasa, maana miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Akajibu "nilikuwa koplo tu." Hilo neno "tu" siku hizi linanikera kweli. Maana alivyoanza kueleza, koplo ndo anashika seksheni, watu kama kumi, anajua nani ana malaria, nani kagombana na mkewe, bunduki ya nani ina shida, nani buti limetoboka. Platuni inakuwa na luteni, mara nyingi kijana katoka chuo juzi, na pembeni yake anawekwa sajenti aliyekaa miaka jeshini, ndo anamshika mkono bila kumuaibisha mbele ya watu. Afisa akisema kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka, wanaohakikisha watu wameamka, wamekula na maji yapo ni hawa. Nikajiangalia mimi. Nina makuli 14, mtunza stoo mwizi, na mtu kama huyu nimemuweka afungue geti.

Nikasema namkabidhi ghala. Baba mdogo akaja juu. Yeye mtu wa zamani, anakumbuka Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, walipoasi pale kambi ya Colito Dar na batalioni ya hapahapa Tabora nayo ikafuata, akasema askari wa chini ukimpa funguo ataona nyumba yake, na Idi Amin si alianzia chini kabisa huko KAR, jeshi la Waingereza wa kikoloni? Nikamwambia baba, wale wa 64 si kilichowachoma ni mshahara, na vyeo vya juu kukaliwa na Waingereza? Mimi huyu nimemlipa hela ya mlinzi wakati ananifanyia kazi ya watu watatu, sasa nangoja nini aniasi? Na waliomtoa Amin Kampala Aprili 1979 wengi walikuwa ni hao hao kina praivet na kina koplo, pamoja na mgambo. Baba mdogo akanyamaza, ila hakukubali, mpaka leo akija anahesabu funguo.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa lakini. Saa kumi na mbili kasoro makuli wako foleni, Afande anakagua, mmoja kachelewa akaambiwa alale chini apige pushapu. Kijana mmoja wa Isevya akamjibu "mzee, hapa sio Msange" (kwa msio wa huku, Msange ndo kambi yetu ya JKT), akaokota fulana yake akaondoka, na wenzake watatu nyuma yake. Siku hiyo lori la Dar lililala getini.

Nikamwita pembeni, maana nilishajifunza huwezi kumsema mbele ya watu, nikamwambia Afande hawa hawajala kiapo, wanalipwa kwa gunia, wakichoka na wewe kuna maghala mengine wataenda. Alikaa kimya muda mrefu. Nikajua kachukia. Kumbe anawaza, akaniuliza swali ambalo mi nisingeliwaza, "Yule aliyewaondoa wenzake kwa neno moja, anakaa wapi?" Akaenda Isevya mwenyewe kwa baiskeli. Walichoongea sijui, ila kesho yake kijana karudi na wale watatu, na Afande akamtangaza ndo wa pili wake. Aliniambia ukiona mtu anafuatwa bila cheo, mpe cheo haraka kabla hajakivumbua mwenyewe.

Tangu hapo mambo yakaanza kunyooka. Makuli wako vikundi vitatu, kila kikundi na kiongozi wake. Mzigo unahesabiwa na watu wawili kila mtu kivyake alafu ndo wanalinganisha. Magunia yote juu ya chaga, hakuna linalogusa sakafu, na kati ya fungu na ukuta mtu anapita na tochi akakagua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka. Lililoingia kwanza ndo linatoka kwanza. Karanga zikija na unyevu anazirudisha hata kama mwenye mzigo ni shemeji yangu, ishatokea, kwa sababu hizo ndo zinazoota ukungu unaoleta sumukuvu na ukichanganya umeharibu zote. Mchana ugali ukija yeye anachukua sahani ya mwisho, sikuwahi kumsikia akilielezea hilo, anafanya tu. Jioni wanasimama dakika kumi, nini kimeharibika leo, na anaanza na kosa lake mwenyewe. Ile niliyoisikia ya kwanza ilikuwa "leo nimempigia kelele dereva na kosa lilikuwa langu", makuli wakaangaliana.

Kasoro zipo. Mwanzoni alikuwa ananipigia simu kwa kila senti, kununua kamba tu anasubiri amri, ikabidi nimpe mpaka, chini ya laki tano amua, nijulishe jioni. Kompyuta hataki kuisikia, binti yangu ndo anaingiza daftari kwenye simu. Na sio kila aliyevaa kombati ni hivi, nilimchukua dereva mstaafu baada ya Afande nikidhani nimegundua mgodi, pombe ilimtoa ndani ya mwezi, na Afande ndo aliyeniambia nimtoe.

Kwaiyo siku hizi akija askari mstaafu kuomba kazi simuulizi cheti wala cheo. Namuuliza ulikuwa na watu wangapi chini yako, vifaa gani vilikuwa mikononi mwako, na siku mambo yalipoharibika ulifanyaje. Hapo wengi wanaanza na ile "nilikuwa askari wa kawaida tu", nawaacha waongee, baada ya dakika tano unasikia kumbe mtu kashika stoo ya kikosi kizima.

Mwezi wa kumi na mbili Afande aliomba wiki mbili akalime mpunga, na mimi nilikuwa Dar kwa matibabu. Kabla hajaondoka alinisainisha funguo zangu mwenyewe, kwenye ghala langu mwenyewe, alafu akamkabidhi kijana wa Isevya kwa maandishi. Malori sita yalipakiwa hatupo wote wawili. Aliporudi hakwenda kusalimia mtu, alichukua daftari akalisoma kasimama ukurasa mpaka ukurasa, akakuta tarehe moja imekosewa, akamwita kijana nyuma ya ghala wakaongee.