Ufunguo Anao Nani?

Tangu Jumapili jioni nimekuwa nikilijibu swali la Bibi kimoyomoyo, kila mara kwa jibu zuri kuliko lile nililompa, na kila mara yeye mwenyewe hayupo kulisikia. Nilikuwa barazani kwake na karatasi zangu za mchezo wa Alhamisi, ule wa kuigiza kisa kwa kurusha dadu, nikimsomea historia ya klabu niliyoibuni kwa ajili ya kisa kipya: klabu ya taarabu ya waungwana, Mji Mkongwe wa Unguja, mwaka 1928, ambamo haingii mtu ila mwanachama au mgeni aliyealikwa kwa jina. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele, kisha akauliza: "Na ufunguo anao nani?"

"Mwenyekiti," nikasema.

"Mwenyekiti hafungui mlango, baba. Mwenyekiti hufunguliwa."

Akarudi kwenye mchele wake. Wiki hii dada yangu amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima, na barua ya uhamisho wangu wa kwenda Pemba imetoka, lakini ninapopiga mswaki ninachokisikia ni "hufunguliwa", kwa ile sauti anayomalizia nayo hesabu na muuza samaki.

Kilichoniuma ni kwamba kazi ile niliifanya kwa uangalifu. Makao makuu niliyaweka katika nyumba ya ghorofa upande wa Malindi, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ukumbi wa juu mrefu na mwembamba kama ilivyo katika nyumba za aina hiyo, kwa kuwa upana wa chumba hauamuliwi na matakwa ya mwenye nyumba bali na urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ukumbi mwembamba una siasa yake. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, akikaa mwisho mmoja, anayeketi mwisho wa pili husikia kikohozi cha jirani yake kuliko muziki, kwa hiyo nilipanga viti kwa cheo hadi kile cha mwisho kabisa, kilicho karibu na ngazi.

Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ni klabu ya taarabu ya kweli na yenye heshima zake, nami sikutaka kuigusa. Yangu niliifanya ya watu waliosubiri kuitwa na wakubwa wasiitwe: makarani wa forodha, wauza mbata, na mwalimu mmoja wa Kurani mwenye sauti nzuri kuliko ilivyompasa. Waingereza nao walikuwa na English Club yao pale Shangani, katika jengo ambalo leo ni hoteli ya Africa House, na huko ndiko watu wangu walikokuwa mbali zaidi na kuitwa. Watu hao, walipopata mlango wao wenyewe, jambo la kwanza walilolitunga ni namna ya kuwakataa wengine: kura ya siri ya gololi nyeupe na nyeusi, desturi niliyoiazima kutoka klabu za London, ambako katika baadhi yake gololi moja nyeusi ilitosha kumwacha mtu nje. Niliona nimemaliza. Klabu inajulikana kwa iliowakataa, nami orodha ya waliokataliwa nilikuwa nayo, pamoja na sababu.

Jumatano usiku nilikuwa nimekwisha kuandaa utetezi kamili wa mwenyekiti (kikatiba mali ya chama iko mikononi mwake, na ufunguo ni mali) nilipojikuta nimeandika pembeni mwa karatasi, kwa hasira tu, "mshika ufunguo". Jina sikumpa. Nilimpa umri wa miaka sitini na kitu, na nikamfanya mzaliwa wa nyumba ile ile, mtumwa wa mwenye nyumba wa kwanza. Mwaka 1897 utumwa ulipofutwa kisheria Unguja, alibaki, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Klabu ilipopanga nyumba ilimkuta humo, pamoja na kisima na popo. Kwa kanuni zangu za gololi hawezi hata kupendekezwa, na hata hivyo hakuna mjumbe anayeuona ukumbi asipoamka yeye.

Nililala saa nane usiku, nikicheka peke yangu. Ugomvi wa mwaka ule, ambao hadi hapo ulikuwa aya moja kavu, ulipata mahali pa kutokea. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi, na taarabu, ambayo katika jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, ikaanza kusikika kwenye santuri kwa Kiswahili. Wazee wa klabu yangu wanashika daftari na wanataka Kiarabu kiendelee. Vijana wana gramafoni na wanafunguliwa mlango saa sita za usiku, na anayewafungulia ni mtu aliyesikia nyimbo za wazee miaka yote ile bila kuzielewa. Siti mwenyewe alizaliwa Fumba, katika familia yenye asili ya utumwa. Mzee wangu analijua hilo. Wajumbe wa kamati wanalijua pia, nao hawalitaji.

Alhamisi wachezaji hawakufika ghorofani kabisa. Usiku mzima waliumalizia barazani, wakimbembeleza mshika ufunguo kwa kahawa, halua na uongo wa kila aina, na dadu ziliwakatalia. Ramani ya ukumbi na siasa ya viti vyake haikutazamwa na mtu, jambo ambalo lilinikera kidogo tu.

Bibi sijamwambia. Nikimwambia atauliza mzee huyo analipwa na nani, na hilo sijalipanga.

Linalonitia wasiwasi sasa ni pampu ya kisima cha nyumbani, ambayo tangu jana inanguruma bila kupandisha maji kwenye tangi. Fundi hapokei simu, nami sijui kama ni mota iliyoungua au ni maji yaliyoshuka.