Ukurasa wa Mume Wangu

Jioni moja ya Julai 2018, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga South B, nilimfungulia mume wangu daftari ambalo kwa wiki tatu nilikuwa nikiandika ndani yake mpango wa safari yetu ya kwenda kuzamia Pwani. Nairobi ilikuwa katika baridi yake ya mwezi huo, na huko baharini kusi ilikuwa inavuma na kuyachafua maji. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga tusubiri mpaka Februari, wakati kaskazi imetulia na mzamiaji anaona mbali. Nilimsomea ukurasa baada ya ukurasa. Nilimweleza habari za MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi kaskazini mwa Mombasa mwaka 2002, ambayo imelala mchangani kwenye kina cha karibu mita 30 na kugeuka maskani ya samaki, na jinsi nilivyoitamani tangu nilipopata cheti changu cha kuzamia mwaka 2011. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kwa upole, "Mama watoto, na mimi nitakuwa wapi wakati wewe uko huko chini?"

Nilirudi nyuma kurasa zote nikitafuta jibu, na sikulipata. Mtu ambaye hajawahi kuzamia, hata akishikwa mkono na mkufunzi, hapelekwi chini ya mita 12, na hata akishapata cheti cha kwanza mpaka wake ni mita 18. Hayo niliyajua vizuri kuliko yeye, na bado nilikuwa nimejaza daftari zima kwa mizamio ambayo hangeweza kuifanya, huku nikiiita safari yetu. Aliniambia jambo lingine ambalo sikulitarajia: kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiitikia tu kila nilipotaja kuzamia, kwa sababu aliona furaha yangu na hakujua amwambie nani kwamba yeye hana hamu hiyo.

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na sikumbuki siku niliyojifunza kuogelea. Yeye amekulia Nyeri, karibu na mto Gura, ambao mkondo wake una kasi ya kutisha, na mafunzo aliyopewa utotoni kuhusu maji ni moja tu: kaa mbali nayo. Alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, hapa hapa Nairobi, na angeweza kukata bwawa mara kadhaa bila kupumzika. Nilidhani basi kwamba anaogopa papa, au kina, au giza. Nilipomuuliza sawasawa usiku ule, badala ya kumhakikishia tu kwamba hakuna la kuogopa, alisema kinachomkera ni maji kuingia puani. Maji yakimgusa pua, pumzi inakatika yenyewe kabla hajafikiri.

Hilo lilikuwa jambo dogo lenye dawa, nami nilikuwa nimelikosa kwa sababu ya kutouliza. Tulianza na beseni. Kila jioni, kwa muda wa dakika tano, aliinamisha uso kwenye maji ya vuguvugu, akivuta pumzi kwa mdomo kupitia mrija huku pua ikiwa wazi ndani ya maji. Siku za kwanza aliinuka akikohoa. Wiki ya pili alikaa dakika tatu bila kuinuka, nami nilijifunza kunyamaza, maana kila nilipomsifu alihisi anapimwa.

Masikio tuliyashughulikia barabarani. Tulikuwa tukienda Naivasha, na gari lilipoanza kuteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu akasema masikio yake yameziba. Nilimwonyesha kubana pua na kusukuma hewa taratibu mpaka masikio yafunguke, na kwamba afanye hivyo mapema, kabla ya maumivu, si baada yake. Alifurahi yalipofunguka. Kisha nikamweleza jambo ambalo lilimfanya aniangalie kwa makini: kwamba mteremko wote ule wa Bonde la Ufa hauongezi kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa au maji mwilini, hata kwa kiasi kinachoongezeka mtu akishuka mita moja tu ndani ya maji. Hewa ni nyepesi, maji ni mazito. Kila mita 10 za bahari zinaongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu pale ufukweni. Ndiyo maana anayeanza hupata taabu kubwa zaidi katika mita chache za mwanzo, wala si kule chini anakokuogopa.

Mafunzo yenyewe sikumfundisha mimi. Nimeona wenzi wakifundishana bwawani na kuondoka wamenuniana, kwa kuwa kila maelekezo yanasikika kama lawama. Tulitafuta mkufunzi, akampeleka bwawani Jumamosi mbili, akamvisha mtungi, akamfundisha kuondoa maji kwenye miwani na ile kanuni iliyo juu ya nyingine zote: kamwe usizuie pumzi, kwa sababu hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda na inaweza kuyararua. Mimi nilikaa ukingoni na taulo.

Siku ya pili pale bwawani mkufunzi alimfundisha ishara za mikono. Kidole gumba kikielekezwa juu maana yake ni kupanda, na mzamiaji yeyote anaweza kuitoa ishara hiyo wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, na wenzake wote wanapanda naye, na huko juu hakuna anayemuuliza kwa nini. Mume wangu aliuliza mara mbili kama ni kweli hakuna anayeuliza. Usiku tulipokuwa tukila alinyoosha kidole gumba juu ya sahani na kusema, "Hii iingie kwenye daftari." Tukakubaliana kwamba kanuni hiyo itatumika kwa mpango mzima: angeweza kukataa mzamio, siku nzima, au safari yenyewe, na nisingemnunia wala kumbembeleza. Nadhani hapo ndipo mpango ulipokuwa wa watu wawili.

Niliufuta wa kwanza. MV Dania ikatoka, ikaingia Kisite-Mpunguti, hifadhi iliyo mbele ya kisiwa cha Wasini, ambako matumbawe yanaanza karibu na uso wa maji, na asiyetaka kuzamia anaweza kuelea juu na kuona karibu yote. Nilimpigia mjomba wangu, mvuvi wa upande huo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Huyo bwana wa bara kweli ataingia majini?"

Nilimwambia atakayeamua ni yeye mwenyewe. Mjomba akanionya nisije nikamleta kwenye bamvua, wakati mkondo unavuta hata wenyeji. Nimlete maji mafu, mwezi ukiwa nusu na mkondo ukiwa dhaifu. Februari 2019 mwezi ungefika nusu usiku wa kuamkia tarehe 13, hivyo tukachagua kuzamia tarehe 13 na 14. Ijumaa tukaiacha wazi, kwa sababu Nairobi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na anayetoka kuzamia kisha akapanda treni ya kurudi jioni hiyo hiyo anajiweka katika hatari ileile ya anayepanda ndege. Baada ya mizamio ya siku kadhaa, muda wa kungoja unaopendekezwa kabla ya kuruka ni angalau saa 18. Katika mpango wote, Ijumaa hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi. Aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake: mahamri na mbaazi, Mji wa Kale, usingizi.

Jumatano, kwenye mita nne, alitoa kidole gumba. Tulipanda sote, mkufunzi, yeye na mimi, tukaelea kando ya mashua. Ulimi ulinisimama mdomoni, nikauzuia. Alivuta pumzi, akatazama Wasini kwa muda mrefu, akasema anataka kurudi mashuani, akarudi. Nilikaa naye. Nahodha alitukatia nanasi.

Alhamisi asubuhi alivaa mapezi kabla yangu. Jioni, tukiwa Shimoni, kijiji kinachotazamana na Wasini, alichukua daftari, akaandika kwenye ukurasa ule niliokuwa nimeuacha mtupu kwa ajili yake: "Mita sita. Dakika 18. Kasa mmoja, alikuwa anakula." Kisha akapiga mstari chini yake, akaniuliza Dania iko mita ngapi.