Kwa Upande Wangu

Neno la juma hili: Warumi 12:18, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote."

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi iliyopita, hapa Dar es Salaam, nilikuwa nimepaki nje ya duka, ndiyo kwanza nafunga mkanda, gari la mbele likaanza kurudi nyuma. Nikapiga honi, wapi! Bampa ikapasuka, taa ya kulia ikaning'inia kwenye nyaya. Hakuna aliyeumia. Hata bima ndogo ya yule dereva ingemaliza jambo, maana kazi yake ndiyo hiyo, kumlipa uliyemharibia.

Nikashuka nikamsalimia. Hakuitikia. Alishusha kioo kiasi cha vidole viwili, akasema, "Umenigonga wewe." Nikaomba leseni, akakataa. Nikamwambia tumsubiri trafiki aje apime, akapandisha kioo akaondoka. Nikabaki na picha 3 na namba ya gari.

Mlinzi alikuwa amesimama pembeni. Nikamgeukia yeye. "Si umeona? Mbona hukufunga geti? Mnalipwa kufanya nini?" Watu wakageuka kututazama. Kijana hakujibu neno. Alikuwa ameshika kadi za maegesho, akawa anazipanga, anazipangua, anazipanga tena.

Niliripoti kituo cha polisi. Namba ya gari nikaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nikakuta bima yake iko hai. Katika hilo sijutii. Wapo wanaofundisha kwamba mwamini akigongwa anyamaze ajiondokee, nami sikubaliani nao. Walawi 6 inamtaka aliyemdhulumu mwenzake arudishe kamili, na sehemu ya tano juu yake. Kudai haki yako hakukufanyi uwe na chuki.

Usingizi niliukosa kwa ajili ya yule kijana. Paulo anasema "kama yamkini", na kwa dereva haikuyamkinika, alishaondoka zake. Lakini anasema pia "watu wote". Ile hasira niliyoshindwa kumfikishia mwenye gari nilimtwisha mtu asiyeweza kunijibu, mbele za watu, nikiwa na Biblia kwenye kiti cha nyuma. Na nisingeliona hilo kama usiku ule nisingesoma mstari huu polepole.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kupeleka madai ya bima, nikapita pale getini. Akaniwahi kwa shikamoo. Ilinichoma.

"Marahaba. Mwanangu, juzi nilikukosea. Nisamehe."

Akatazama chini kidogo. "Yameisha, mama. Ningefunga geti bila msimamizi kusema, kibarua kingeota nyasi."

Ana mtoto mdogo, aliniambia. Tulisimama pale tukaongea mpaka foleni ya magari ikamwita.

Juma hili naomba mnisaidie kumwombea yule dereva. Jina lake silijui, kwa hiyo nikipiga magoti namtajia Mungu namba ya gari.